Nani Anaitawala Seli Shina ya Utumbo? Mjadala wa Njia ya Karatu hadi Haydom

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba hufanywa upya karibu wote kila baada ya siku 3 hadi 5. Uso wake umejaa vijidole vidogo vinavyofyonza chakula, na chini, kati ya kijidole na kijidole, kuna vishimo vyembamba vinavyoitwa vishimo vya Lieberkühn. Seli huzaliwa kishimoni, hugawanyika mara kadhaa, hupanda kuelekea kileleni mwa kijidole zikiwa zimeshapata kazi maalumu, kisha hudondoka na kutoka pamoja na kinyesi. Seli za Paneth ndizo zinazoshuka badala ya kupanda. Hukaa kwenye sakafu ya kishimo kwa wiki kadhaa zikimwaga kemikali za kuua bakteria.

Chanzo cha yote hayo ni seli shina. Mwaka 1974 Hazel Cheng na Charles Leblond, wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, walieleza habari za seli nyembamba zilizobanwa kati ya seli za Paneth, wakadai kwamba ndizo mama wa nyingine zote. Uthibitisho ulikawia hadi 2007, pale Nick Barker na Hans Clevers huko Utrecht, Uholanzi, walipoonyesha kwa panya kwamba seli hizo zina alama yake, kipokezi kiitwacho Lgr5, na kwamba uzao wake ukitiwa rangi huonekana ukipanda kutoka kishimoni hadi ncha ya kijidole. Kishimo kimoja cha panya kina seli kama 15 za aina hiyo, na kila moja hugawanyika karibu mara moja kwa siku.

Ubishi unaanzia hapo. Seli mbili zilizotokana na mgawanyiko mmoja zina jeni zilezile. Moja inabaki shina, ya pili, mikromita chache juu yake, inaanza safari ya kuwa seli ya kufyonza na baada ya siku chache imekufa. Je, tofauti imo ndani ya seli, au inatoka kwa majirani?

Misimamo minne inapewa sauti hapa. Miwili ni ya maabara: Mtetezi wa Seli na Mtetezi wa Jirani. Miwili mingine ni ya watu wanaokutana na utumbo ulioharibika kabla ya kukutana na darubini: Daktari wa Mifugo, anayehudumia mbwa na ndama kati ya Karatu na vijiji vya Ngorongoro, na Daktari wa Watoto, ambaye ushahidi wake unatoka Haydom, kusini mwa Karatu kwa njia ya Mbulu. Si watu halisi. Wanayoyataja ndiyo halisi.

MTETEZI WA SELI: Jaribio la 2009 linatosha kufunga hoja. Toshiro Sato, akiwa katika maabara ya Clevers, alichukua seli moja tu yenye Lgr5, akaiweka peke yake kwenye sahani. Seli ile ilijenga utumbo mdogo wenye vishimo, seli za kufyonza, seli za ute, hata seli za Paneth. Hapakuwa na mishipa ya damu wala ya fahamu, wala kinga ya mwili, wala tishu ya chini. Kama seli pekee inaweza kujenga mtaa mzima, ramani ya mtaa imo ndani yake.

MTETEZI WA JIRANI: Mwenzetu anasema seli ilikuwa peke yake, lakini hakusoma orodha ya vilivyowekwa kwenye sahani. Kulikuwa na jeli iliyotolewa kwenye uvimbe wa panya, inayoiga utando ambao seli hukalia mwilini. Kulikuwa na EGF, protini ya kuchochea ukuaji, kulikuwa na Noggin, kulikuwa na R-spondini. Kila kimoja kati ya hivyo, mwilini, hutolewa na seli nyingine. Ondoa R-spondini, huo utumbo mdogo wa sahani, yaani oganoidi, utakufa. Majirani hawakuondolewa, waliyeyushwa tu wakamiminwa kwa kipimo. Na mwaka 2011 Sato huyohuyo alionyesha kwamba seli shina iliyoachwa imeshikana na seli moja ya Paneth hustawi kwenye sahani kuliko ile iliyotenganishwa, kwa sababu seli ya Paneth humpa jirani yake Wnt, EGF na ishara ya Notch.

Majina hayo yanahitaji ufafanuzi, maana mabishano mengine yote yamejengwa juu yake. Wnt ni protini inayoiamuru seli ibaki changa na iendelee kugawanyika. Haisafiri mbali: hung'ang'ania utando wa seli na hupungua nusu kwa nusu kadiri seli inavyogawanyika na kusogea juu. R-spondini huongeza nguvu ya Wnt kwa kuzuia vipokezi vyake visiondolewe kwenye uso wa seli, na Lgr5 yenyewe ni kipokezi cha R-spondini. Kwa hiyo alama iliyotumika kuitambua seli shina ni sikio la kusikilizia majirani, jambo ambalo Mtetezi wa Jirani angeweza kulisisitiza zaidi. Notch hufanya kazi kwa kugusana tu. Seli inayoguswa huzuiwa isigeuke kuwa seli ya ute au ya Paneth. BMP hutoka upande wa juu, kwenye vijidole, na kazi yake ni kinyume cha Wnt: huikomaza seli na kuisimamisha isigawanyike. Noggin na Gremlin huizuia BMP isifike chini. Sakafu ya kishimo, basi, ni mahali ambapo Wnt ni nyingi na BMP imezuiliwa.

MTETEZI WA SELI: Basi tumwondoe jirani tuone. Mwaka 2012 makundi mawili, moja la Ufaransa na jingine la Marekani, yalifuta kwa panya jeni ya Atoh1, ambayo bila hiyo seli ya Paneth haiwezi kutengenezwa. Seli za Paneth zilitoweka. Seli shina zilibaki mahali pake zikigawanyika. Mwaka huohuo, huko Utrecht, waliondoa Wnt3 kwenye utando wa utumbo: panya hakuonyesha kasoro yoyote. Aliyetangazwa kuwa mlezi alikuwa mpangaji tu.

MTETEZI WA JIRANI: Jaribio hilohilo la Wnt3 lina nusu ya pili ambayo haikutajwa. Kwenye sahani, oganoidi zisizo na Wnt3 zilikufa, na ziliokolewa zilipokuzwa pamoja na seli za tishu iliyo chini ya utando. Maana yake jirani ni zaidi ya mmoja. Utumbo mpana wa panya hauna seli za Paneth za kawaida, na bado una seli shina. Mwaka 2018 watafiti wa Philadelphia walielezea telosaiti, seli kubwa zenye mikono mirefu myembamba zinazotandaa chini ya utando wote. Walipozizuia zisitoe Wnt, kishimo kilianza kuporomoka ndani ya siku chache. Mwaka huohuo kundi la Zürich, Uswisi, lilionyesha kwamba seli za tishu ya chini zenye alama ya Gli1 ndizo chanzo cha lazima cha Wnt kwenye utumbo mpana. Miaka miwili baadaye seli nyingine za tishu hiyo, zilizo chini kabisa ya kishimo, zilitajwa kuwa wagawaji wa Gremlin.

Raundi hii ni ya Jirani, lakini imemgharimu. Aliingia na jirani mmoja mwenye jina na anuani, anatoka na mtaa wenye watoaji kadhaa wanaofidiana. Hoja ya namna hiyo ni ngumu kuipinga na ni ngumu vilevile kuipima, kwa sababu kila jirani anapoondolewa bila madhara inawezekana kusema yupo mwingine. Ushahidi wenye uzito zaidi kwake hautoki kwenye kuondoa majirani. Unatoka kwenye kuitazama seli ikihama.

Mwaka 2010 Hugo Snippert na wenzake walizitia seli shina za panya rangi nne tofauti. Baada ya miezi kati ya 1 na 6 vishimo vilikuwa na rangi moja moja. Ukoo mmoja ulikuwa umejaza sakafu na koo nyingine zimesukumwa nje, na mshindi alipatikana kwa bahati, si kwa ubora. Mwaka 2014, tena Utrecht, seli hizo zilipigwa picha ndani ya panya aliye hai siku baada ya siku. Seli zilizokaa katikati ya sakafu zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki kuliko zilizokaa pembezoni. Lakini ya pembezoni iliweza kurudi katikati na kupata upya nafasi hiyo. Na mwaka 2011 huko California, seli zote zenye Lgr5 zilipouawa kwa sumu ya dondakoo, vishimo havikufa: seli nyingine zilishuka, zikashika nafasi iliyoachwa wazi, zikaanza kuonyesha Lgr5. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba hata seli iliyokwisha kuanza kazi ya kufyonza inaweza kurudi nyuma ikipata nafasi.

Kwa hiyo ushina unafanana zaidi na cheo kinachotolewa na kiti. Ni vigumu kuona jinsi Mtetezi wa Seli anavyoweza kulipita hilo, na hajaribu kulipita. Anashika njia nyingine.

MTETEZI WA SELI: Cheo cha kiti kinaifaa seli tiifu. Kuna seli isiyomsikiliza mtu. Jeni ya APC ikiharibika, seli hujihesabu imepokea Wnt hata pasipo Wnt yoyote. Haimhitaji Paneth, haiihitaji telosaiti, hupanda juu ya kijidole ikiendelea kugawanyika. Ndivyo saratani nyingi za utumbo mpana zinavyoanza. Na haiishii kutosikia: mwaka 2021 ilionekana kwamba seli hizo humwaga Notum, protini inayozima Wnt ya wengine, ili seli shina nzima zilizo jirani zikomae na kuondoka. Hapo ni seli inayoutawala mtaa.

MTETEZI WA JIRANI: Hiyo ni kanuni inayoonekana kwa kuvunjwa. Kilichovunjika ni sikio.

DAKTARI WA MIFUGO: Wenzetu wa maabara wanatumia sumu na jeni kuondoa seli moja moja. Virusi vinafanya kazi hiyohiyo vijijini bila kibali cha mtu. Ndama wa wiki mbili akipata virusi vya rota, zinazokufa ni seli zilizokomaa, za juu ya kijidole. Vijidole vinafupika, maziwa hayasagwi, ndama anaharisha. Vishimo viko salama. Akinyweshwa maji yenye chumvi na sukari ya kutosha asikauke, baada ya siku chache vijidole vimerudi. Mbwa mchanga akipata virusi vya parvo mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu virusi hivyo haviwezi kuzaliana ila ndani ya seli inayogawanyika. Shabaha yake ni kishimo. Kishimo kikianguka hakuna kinachopanda, kijidole kinabaki uchi, damu na bakteria vinapishana. Ndiyo maana mbwa wa vijiji vinavyozunguka Serengeti wamekuwa wakichanjwa dhidi ya parvo pamoja na kichaa cha mbwa na homa ya mbwa, ile iliyoua karibu theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994.

MTETEZI WA SELI: Ushahidi huo ni wa upande wa seli. Ndama ana chanzo, anapona. Mbwa amepoteza chanzo, anakufa.

DAKTARI WA MIFUGO: Si wote wanaokufa. Mbwa anayehudumiwa kwa maji na dawa dhidi ya bakteria akivuka siku za mwanzo, vishimo vichache vilivyonusurika hugawanyika na kujaza pengo. Tishu ya chini haikuuawa na parvo. Kiti kilibaki, kikasubiri wa kukikalia.

Daktari wa Mifugo ametoa mfano wa pigo moja kali linalokuja na kuondoka. Utumbo wa mtoto katika nyanda za juu za Mbulu na Karatu huishi na kitu kingine: mchochota wa chini kwa chini usioisha, unaotokana na kumeza vijidudu vya kinyesi kila siku kupitia maji, mikono na udongo. Vijidole hufupika, vishimo hurefuka, na ukuta huvujisha. Madaktari wa zamani waliona mabadiliko hayo kwa watu wazima wa nchi za joto: mwaka 1969 Cook, Kajubi na Lee walichapisha maelezo ya utumbo wa Waafrika nchini Uganda. Kabla ya hapo, mwaka 1966, vijana wa Kimarekani waliokwenda Pakistan kujitolea katika Peace Corps walikutwa na utumbo wa namna hiyo. Waliporudi kwao ulitengemaa. Jeni zao hazikubadilika kwa kuvuka bahari.

DAKTARI WA WATOTO: Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilikuwa moja ya vituo 8 vya utafiti wa MAL-ED, uliowafuata watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 2 kuanzia 2009. Haydom ilitoa fumbo. Kuhara kulirekodiwa kwa uchache kuliko Peru au Pakistan, lakini kiwango cha udumavu kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa katika vituo vyote. Mtoto haendi chooni mara kwa mara, mama yake haoni ugonjwa, na kinyesi chake kina vijidudu. Utumbo wake unafanya kazi ya ziada ambayo haionekani.

MTETEZI WA JIRANI: Kazi hiyo inaelezeka. Kinga ya mwili ni jirani pia. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba IL-22, inayotolewa na seli za kinga zilizo karibu na kishimo, huisukuma seli shina moja kwa moja igawanyike. Mwaka 2018 ikaonekana kwamba aina ya seli T zilizopo huamua kama seli shina itajizalisha au itakomaa. Minyoo nao wana lao: mnyoo wa panya aitwaye Heligmosomoides polygyrus anapojichimbia ukutani, vishimo vilivyo juu yake hupoteza Lgr5 na kurudia hali ya utumbo wa kichanga kabla ya kuzaliwa. Kishimo kirefu chini ya kijidole kifupi ndicho kinachotarajiwa pale majirani wanapopiga kelele za dharura mwaka mzima.

MTETEZI WA SELI: Ni panya wa maabara wote hao. Nao bakteria, wanaopewa sifa nyingi siku hizi, mara nyingi hawafiki kwenye seli shina. Mwaka 2016 huko St. Louis, Marekani, ilionekana kwamba butireti, asidi wanayotengeneza bakteria kutokana na nyuzinyuzi, huizuia seli shina isigawanyike. Lakini seli zilizokomaa za juu huila kabla haijashuka. Umbo la kishimo ni ngao. Halafu, bakteria wa nani? Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, hula nyuzinyuzi nyingi kuliko karibu watu wote waliopimwa. Utafiti wa 2014 ulipowalinganisha na Waitaliano wa Bologna, waliokuwa na butireti zaidi kwenye kinyesi ni Waitaliano. Wahadza walizidi kwa propioneti. Na mwaka 2017 ikajulikana kwamba bakteria wa Wahadza hubadilika na msimu, wengine wakipungua sana kisha wakarudi. Kama mazingira ndiyo mtawala, basi ni mtawala anayebadili amri kila masika na kiangazi, na utumbo unaendelea vilevile.

Hapo Mtetezi wa Seli amegusa jambo ambalo upande wa pili haulijibu vizuri. Neno "mazingira" limebebeshwa vitu vya umbali tofauti sana: protini inayofika mikromita chache, seli ya kinga inayopita, bakteria aliye upande wa pili wa ute, ugali uliopikwa jana. Kuthibitisha kwamba cha kwanza kinaitawala seli hakuthibitishi kwamba cha mwisho kinaitawala. Kila tabaka lina kichujio chake.

DAKTARI WA WATOTO: Na kichujio hicho kimeshajaribiwa kwa watoto wenyewe. Jaribio la ELICIT, lililofanyika eneo la Haydom na kuchapishwa mwaka 2021, liliwaandikisha watoto 1,188. Baadhi walipewa azithromaisini na nitazoksanaidi dhidi ya vijidudu, baadhi nikotinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3 na kwanza ilipitia kwa mama anayenyonyesha, baadhi vyote, baadhi dawa bandia. Walipofika miezi 18 hapakuwa na tofauti ya urefu.

MTETEZI WA JIRANI: Nikotinamaidi hutumika kutengeneza NAD, molekuli inayohitajika kwa nishati ya seli. Mwaka 2012 na tena 2016 watafiti wa MIT walionyesha kwa panya kwamba chakula kikipunguzwa, seli ya Paneth hutengeneza kutokana na NAD molekuli ndogo inayoiamuru seli shina iongezeke. Njia ipo.

DAKTARI WA WATOTO: Ipo kwa panya aliyepunguziwa chakula. Huko Haydom sababu ya kuichagua ilikuwa nyingine: mlo wa mahindi una upungufu wa triptofani, ambayo mwili hutengenezea B3. Na dawa ya vijidudu ilitolewa kila baada ya miezi 3, ilhali vijidudu viliingia kila siku kati ya dozi na dozi. Jirani alinyamazishwa kwa siku chache, kisha akarudi. Jaribio halikusema kwamba kishimo hakisikii mazingira. Limesema kwamba dozi hizo hazikuyabadilisha kiasi cha kubadili urefu wa mtoto.

MTETEZI WA SELI: Au kwamba urefu wa mtoto si kipimo cha seli shina.

DAKTARI WA WATOTO: Hilo ni kweli, na ndilo tatizo la kazi hii yote. Huko Lusaka, watu wazima wa mtaa wa Misisi walikubali kuchukuliwa vipande vya utumbo mara kwa mara, ikaonekana vijidole vikibadilika kwa misimu. Mtoto mchanga anayeonekana mzima hawezi kuingizwa kamera tumboni kwa ajili ya utafiti. Anapewa laktulosi na manitoli anywe, mkojo wake unapimwa kuona ni kiasi gani cha kila sukari kimepita ukutani. Kinyesi chake kinapimwa vitu vitatu. Neopterini inaonyesha kinga iliyoamshwa, mieloperoksidesi inaonyesha chembe nyeupe zilizoingia utumboni, na alfa-1-antitripsini inaonyesha protini ya damu iliyovuja. Vyote vitatu ni habari za majirani. Hakuna hata kimoja kinachotoka kwa seli shina.